Kioo cha Watu Wawili

Anayeamini kwamba mwanamume mwenye mabega mapana hubeba chochote peke yake, huyo hajawahi kuhamisha kioo cha duka. Kioo cha duka humpita mtu urefu, hakina pa kushika, na kikiamua kukukata hakikupi taarifa. Hubebwa na watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, nacho kimesimama kwa ubavu kati yao. Wa mbele haoni nyuma, na wa nyuma haoni vizuri mbele. Kwa hiyo husikilizana, na wasiosikilizana hukutana hospitali.

Katika karakana ya Mama Bosi watu hao wawili walikuwa Milimita na Pacha, na walikuwa hao kwa miaka kumi na tisa. Milimita alipata jina lake kwa ugonjwa wa vipimo. Ukimwambia akukatie "kama futi tatu hivi," alikuwa akiweka kikatio mezani na kukutazama kana kwamba umemtukania mama. Pacha alipata lake kwa sababu mteja mmoja alizoea kuwaona pamoja, akauliza ni yupi kati ya mapacha hawa aliyetangulia kuzaliwa. Watu walicheka mpaka machozi, maana hawakufanana hata kidogo. Babu zake Milimita waliletwa nchini zamani kufanya kazi ambazo wenyeji hawakuzitaka, na wajukuu walirithi rangi na nywele ambazo ziliwatangulia kila walipobisha hodi. Pacha alikuwa mwenyeji, mtoto wa mwenyeji. Lakini mzaha ukanata, na yeye mwenyewe akawa anamwita mwenzake "pacha wangu" mbele ya watu bila haya.

Kisha akaja Mheshimiwa na ungo wake. Kwenye kila mkutano alikuwa akipanda jukwaani, ananyanyua ungo wa kupepetea nafaka, anautikisa na kupiga kelele, "Tupepete!" Nchi ni nafaka nzuri, alisema, ila imejaa makapi, na makapi dawa yake ni upepo. Hakuwataja watu, wala hakuwa na haja. Kila aliyemsikiliza aligeuza shingo upande uleule. Aliposhinda uchaguzi, hata ungo haukuhitajika tena. Mlinzi wa benki, muuza magazeti, wanawake wawili waliovaa vizuri wakingoja basi, walikuwa wakimwona mtu wa kina Milimita anapita, wananyanyua mikono miwili mitupu na kuitikisa hewani, kidogo tu.

Karakana nayo haikukosa. Siku moja wakati wa chai Pacha alichukua bati la kukusanyia vipande vya kioo, akalitikisa juu ya kichwa cha Milimita. "Tupepete jamani, tuone kama huyu ataruka!" Wote wakacheka. Milimita naye akacheka, tena kwa sauti, asije akaonekana mtu wa hasira za karibu.

Mawe yakaanza mwezi uliofuata. Siwezi kusema karakana ilipata hasara, ingekuwa uongo. Kazi ilimiminika. Kila asubuhi kulikuwa na dirisha la duka la mtu fulani limevunjwa, na mtu fulani huyo sikuzote alikuwa mtu wa kina Milimita. Milimita ndiye aliyekata vioo vipya, na Pacha ndiye aliyekwenda naye kuvipachika.

Kinyozi wa mtaa wa pili alivunjiwa mara tatu.

"Milimita, andika kipimo changu ukutani," alisema mara ya tatu, "usijisumbue tena kuja na tepu."

"Nimeshakiandika, kaka."

Kinyozi alikuwa anafagia vipande vya kioo vilivyochanganyika na nywele. "Jiwe haliniumi. Kinachoniuma ni kwamba aliyerusha namjua. Jumamosi nilimnyoa. Amekaa kiti hiki hapa, shingo wazi, mimi nimeshika wembe. Sasa kama alikuwa ananichukia, mbona aliniachia shingo?"

"Labda Jumamosi alikuwa bado hajakuchukia."

"Siku mbili zinatosha?"

"Au alikuwa anakuchukia, ila alitaka kunyoa."

Kinyozi akaguna. "Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nataka mtu aniambie hili la kwangu ni lipi. Lilikuwapo, au yule mzee wa ungo kalileta?"

Pacha alikuwa amepiga goti anasafisha fremu. Hakuinua kichwa. "Nipe gundi," akasema.

Siku chache baadaye walipeleka kioo cha sebuleni kwa Mwalimu. Huyu alikuwa bibi mstaafu, mteja wao wa tangu zamani. Alikuwa akiwaita wanangu, anawawekea stuli mbili barazani, na alimfundisha hesabu binti mkubwa wa Milimita hata yule mtoto akaacha kulia kila jioni ya mazoezi. Wakafika na kioo, wakasimama mlangoni. "Shikamoo Mwalimu," wakasema kwa pamoja. Marahaba ikatoka moja, na Mwalimu alipoitoa alimtazama Pacha.

"Wewe karibu," akasema. "Huyu abaki nje."

Walikuwa wameshika kioo cha zaidi ya mita mbili. Wakabaki wamekishika. Milimita alidhani ameelewa vibaya, akatabasamu, akangoja Mwalimu naye atabasamu.

"Mwalimu," alisema Pacha, "kioo hiki hakibebwi na mtu mmoja."

Mwalimu akafikiri. Ni mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na tano, akaona kweli hesabu hii haigawanyiki. "Basi aingie. Akimaliza kushika, atoke."

Milimita akaingia. Redio ilikuwa juu ya meza ndogo karibu na dirisha, Mheshimiwa akihutubia ndani yake. Mwalimu akaibeba na kuikumbatia kifuani kwa mikono miwili, bila kuizima, akasimama nayo kwenye kona huku macho yake yakifuata vidole vya Milimita vilivyokuwa vimekwama kwenye kioo na visingeweza kuiba hata kijiko. Milimita akashika mpaka Pacha alipomaliza kupachika. Akatoka. Akangojea kwenye gari, na aliyeona aibu ni yeye, si Mwalimu. Ndivyo fedheha ilivyo, humkaa aliyetendewa.

Nyumbani alimsimulia mke wake, lakini alianzia mwisho. "Pacha alinitetea. Alimwambia wazi kabisa, kioo hiki hakibebwi na mtu mmoja."

Mke wake alikuwa anakunja nguo. "Baba watoto," alisema, "alitetea kioo."

"Wewe nawe!"

"Alisema nini kuhusu wewe?"

Milimita akatafuta, akakosa. Mke wake hakushangilia ushindi. Aliendelea kukunja nguo za watoto.

Tangu siku hiyo Milimita akawa na kazi ya pili isiyo na mapumziko. Alirudi nyuma miaka kumi na tisa, mwaka mmoja mmoja, akitafuta dalili. Alikumbuka Pacha alivyolia msibani kwa mama yake Milimita, akashika jeneza. Hapo moyo ukatulia. Kisha akakumbuka kwamba vioo vyote vya nyumba ya Pacha alivikata yeye, madirisha saba, na hakuwahi kukanyaga ndani ya nyumba ile. Vipimo Pacha alivileta mwenyewe kwenye kipande cha karatasi. Milimita, ambaye hakuwahi kukubali kipimo cha mtu mwingine hata cha Mama Bosi, alikubali cha Pacha, na aliona ni wema, kwamba rafiki hataki kumsumbua siku ya mapumziko. Sasa ile karatasi haikumtoka akilini. Akajibishana na nafsi yake: acha upuuzi, mtu kuleta karatasi ni kosa? Kisha anarudi kuyahesabu yale madirisha saba.

Jumatatu Mama Bosi alimwita ofisini. Alikuwa mwanamke wa kusema mambo kwa ufupi, lakini siku hiyo alipanga kalamu zake mara mbili kabla ya kufungua mdomo.

"Mwanangu, Mwalimu amepiga simu. Na wengine wamepiga. Wanasema niwatumie fundi, ila si wewe."

"Wangapi, Mama?"

"Usiniulize wangapi." Alifunga mlango kwa mguu. "Wanataka nikuweke meza ya nyuma, nyuma ya pazia. Ukate tu, usitoke. Mimi sina ubaya na wewe, unanijua. Lakini nikisema nakupenda, wateja watasema nenda kampende huko. Nipe sababu ya kazi. Pacha aniambie hawezi kubeba na mtu mwingine, mmezoeana, akibeba na mgeni kitaanguka, mtu atakatika. Hilo nitalisimamia. Fundi akisema hawezi, hawezi, na mteja mkubwa kuliko wote hana la kujibu. Ila lisitoke kwako, litoke kinywani kwake. Ijumaa nitamuuliza."

Lilikuwa jambo dogo hivyo. Sentensi moja, tena ya kweli, maana kila mtu pale karakana alijua wale wawili walikuwa na mwendo wao. Milimita alitoka ofisini akiwa mwepesi. Mke wake aliposikia hakuwa mwepesi. "Leo nyuma ya pazia," alisema, "kesho nje ya mlango. Muombe Pacha. Piga magoti kama ni lazima, mimi sitakucheka."

Kumuomba kukawa shughuli. Jumanne Pacha alikuwa na haraka. Jumatano alikula chakula cha mchana ndani ya gari, simu sikioni, na ile simu haikuonekana kuwa na mtu upande wa pili. Ndipo Milimita akapata akili ambayo fundi wa vioo peke yake angeipata. Alhamisi walikuwa na kioo cha daktari wa meno, ghorofa ya tatu, na lifti haikitoshi. Kioo kikiwa kati ya watu wawili, hakuna anayeweza kuondoka.

Alingoja mpaka kona ya ngazi ya pili, pale ambapo lazima usimame na kukiinamisha kidogo. Yeye alikuwa nyuma. Alimwona Pacha kupitia kioo chenyewe, kisogo na mgongo, karibu kiasi cha kuhesabu nywele.

"Pacha, kesho Mama atakuuliza."

"Najua."

"Utasema?"

"Tupandishe kwanza, bwana."

"Utasema, Pacha?"

Chini mtu alifungua mlango na kuufunga. Pacha aliposema, alisema kwa sauti ya chini, akiuelekea ukuta.

"Mtaani kwetu wananiita pacha wa makapi. Mwanangu amerudi kutoka shule akaniuliza kama sisi ni makapi pia."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia hapana."

"Ukaishia hapo?"

"Niongeze nini?"

Mikono ilianza kuuma. Milimita angeweza kumwacha mwenzake apande. Hakumwacha. "Nataka kujua wewe, Pacha. Si mtaa. Wewe unaonaje?"

"Mimi?" Pacha alihema. "Nikwambie kweli? Mimi sijui. Nikimsikia yule mzee redioni, naona kama anasema mambo niliyokuwa nayafikiri siku zote. Halafu nikizima redio nakaa natafuta ni lini niliyafikiri. Sikumbuki kuyafikiri, pacha wangu. Wallahi sikumbuki."

Sijui kama kuna jibu la haki zaidi ya hilo ambalo mtu angelitoa ngazini. Milimita alilipokea kama zawadi, akasikia machozi karibu, na mikono yake haikuwa huru kuyafuta. "Basi sema kesho," akasema. "Neno moja tu."

"Nitasema. Haya, pandisha."

Ijumaa Mama Bosi aliwaita wote wawili, wakasimama mbele ya meza yake. Milimita alikuwa amevaa shati safi, hakujua kwa nini.

"Pacha," alisema Mama Bosi, akitamka kila neno taratibu kama anayemshika mtoto mkono, "nauliza kikazi. Nikikupa mtu mwingine wa kubeba naye vioo vikubwa, utaweza? Au kuna hatari?"

Pacha alikuwa anavua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Mama," alisema, "mimi nabeba na yeyote."

Mama Bosi alingoja. Alimpa nafasi, hata Milimita aliona kwamba anampa nafasi. "Yeyote?"

"Yeyote tu, Mama. Kazi ni kazi."

Tusi lingekuwa afadhali. Tusi unaweza kulipeleka kwa mtu, ukamwambia nimetukanwa, tazama. Lakini "yeyote" utalipeleka wapi? Ni neno la mtu mchapakazi, mtu asiyebagua. Milimita alisimama pale akiligeuza huku na huku kichwani, lote laini, halina pa kushika. Alipofungua mdomo, lililotoka ni, "Sawa, Mama." Pacha alimpisha mlangoni atangulie kutoka, kwa adabu.

"Kasema nini?" mke wake aliuliza alipofika.

"Kasema anabeba na yeyote."

Mke wake aliketi.

Jumatatu pazia lilikuwa limeshatundikwa. Lilikuwa shuka kuukuu la maua, na Mama Bosi alisema ni kwa ajili ya vumbi. Mtu mpya alikuwa Dereva, shemeji yake Mama Bosi, baba wa watoto wanne, mwenye kitambi na roho nzuri, aliyeachishwa kazi ya lori. Alikuwa hajui kioo isipokuwa cha kujitazamia.

"Mfundishe, mwanangu," Mama Bosi alimwambia Milimita, hakumtazama. "Wewe ndiye unayemjua Pacha."

Angeweza kukataa. Angeweza pia kumfundisha vibaya, na wazo hilo lilimpitia, sitaficha. Lakini kioo hakichagui nani wa kumkata, na Dereva alikuwa na watoto wanne. Basi akamfundisha. Walichukua ubao mrefu badala ya kioo, wakazunguka nao uani, Milimita akijifanya Pacha.

"Hatua yake ya kwanza huwa ndefu. Usimkimbilie, mngoje, ya pili atapunguza. Kwenye ngazi anapenda upande wa ukuta. Akianza kupiga mluzi ujue ana wasiwasi, usimsemeshe."

"Haya."

"Na bega lake la kushoto ni bovu. Liliteguka mwaka wetu wa kwanza. Mwendo ukiwa mrefu linamuuma, na hasemi."

"Hasemi kabisa?"

"Ana aibu nalo. Utasikia pumzi zake zimekuwa fupi. Hapo simama wewe. Mwambie, ngoja kaka, nimechoka. Atapumzika, na heshima yake itabaki."

Dereva alishusha ubao, akamtazama. "Wewe ndivyo ulivyokuwa unafanya?"

"Kila siku."

"Na alijua?"

"Angejua ingekuwa na faida gani?"

Kesho yake asubuhi Pacha na Dereva walitoka na kioo chao cha kwanza, kikubwa, cha duka la viatu. Gari lilikuwa limeegeshwa mbali, ng'ambo ya ua. Milimita alikuwa nyuma ya shuka la maua. Hakuwaona, aliwasikia: hatua ya kwanza ndefu, ya pili fupi. Dereva alikuwa amesikiliza somo. Wakapita karibu kabisa na pazia, na pumzi za Pacha zilikuwa zimeanza kukatika.

"Ngoja kaka," alisema Dereva. "Nimechoka."

Wakasimama. Pacha akacheka, kicheko chepesi cha mtu aliyegundua kitu.

"Kumbe hata wewe!" alisema. "Mimi miaka yote hii nilidhani ni wale tu ndio legelege. Yule kila ngazi nimechoka, kila ngazi nimechoka, nikasema ndivyo walivyoumbwa. Haya, pumua, ndugu yangu."

Wakapumzika, kisha wakaendelea.

Milimita alikuwa ameshika tepu juu ya kioo cha dirisha la bafu. Alisoma kipimo, akanyanyua kalamu, akawa amekisahau. Akapima tena.